Gitaa Lililopakwa Mafuta

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Wapo wanaoogopa fisi, wapo wanaoogopa wakwe zao. Mimi naogopa umeme. Ujana wangu wote nilipiga gitaa la besi kwenye bendi ya ukumbi mmoja pale Mbulu mjini, na kila siku nilipochomeka plagi ukutani nilifumba macho kwanza. Wenzangu walinicheka mpaka bendi ikafa. Nikawajibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, basi kwangu chekeni tu.

Kwa hiyo siku binti yangu aliponipigia simu kutoka Balangdalalu, kule Hanang alikoolewa, akaniambia kwaya yao inataka kuchoma moto gitaa la besi kwa sababu linauma watu, mtu mwenye akili angempa pole na kukata simu.

"Linauma vipi?" nikamuuliza.

"Linauma, baba. Limemwangusha mpigaji wetu mbele ya kanisa zima. Vidole viliganda kwenye nyuzi, macho yakageuka meupe, mpaka mzee mmoja akalipiga teke ndipo likamwachia."

"Amekufa?"

"Hajafa, ila hataki hata kulisikia. Wazee wamelikemea, wamelipaka mafuta, wiki iliyofuata likamuuma mwingine. Sasa wanasema lina pepo. Jumamosi wanalichoma."

Nikamwambia anieleze lilivyo. Akasema ni zito, ni la zamani sana, liliachwa na wamisionari, rangi imebabuka, na nyuma lina bamba lenye maandishi ya Kijapani. Gitaa la namna hiyo niliwahi kulishika mara moja tu, la bendi ya wenzetu kutoka Babati, na niliporudi kwenye langu nikalichukia. Nikamwambia awaambie wazee wasilichome, nanunua. Walishangaa kwamba kuna mtu anatoa hela kununua pepo, wakaniuzia kwa bei ya jogoo. Tena jogoo wa kizungu, yule asiye na ladha.

Lilifika Endagikot juu ya lori la vitunguu, limefungwa kwenye kiroba. Habari zilikuwa zimelitangulia. Utingo hakutaka kulishika, alilisukuma kwa fimbo mpaka likaniangukia mikononi, akasema, "Pole mzee," akaruka garini. Mke wangu alisimama mlangoni na mwiko.

"Hilo halilali kwenye nyumba yangu," akasema.

"Ni mti na nyaya tu, mama."

"Na nyoka ni nyama na ngozi tu. Peleka ghalani."

Nikalipeleka ghalani, kwenye mahindi na vitunguu saumu. Nilijifanya nimekasirika, lakini ukweli ni kwamba nilifurahi kupata mahali pa kuliweka mbali na kitanda changu. Kichwa changu kilijua kwamba gitaa lisilochomekwa popote haliwezi kumpiga mtu shoti. Ila hofu haijasoma shule. Siku ya kwanza nililizunguka tu, nikalitazama, nikafunga mlango kwa kufuli.

Nilipoanza kazi nilivaa mabuti ya mvua na glavu za mpira, nikasimama juu ya ubao mkavu. Ilikuwa kiangazi, vumbi mpaka puani, hakuna tone la maji Mbulu nzima. Mke wangu aliniletea chai, akanikuta hivyo, akacheka mpaka akashikilia mlango. "Fundi wetu anavuka mto," akasema. Nikamwambia aniachie chai aende zake.

Nilifungua kile kifuniko cha nyuma ambacho ndani yake zinapita nyaya. Loo! Kulikuwa na mafuta. Si tone la kupaka kwenye paji la uso, ni mafuta ya kukaangia mandazi. Walikuwa wameyamimina kwenye matundu ya vifundo vya sauti, na kwa harufu yake yalikuwa alizeti ya kwao Hanang. Yalishikana na vumbi na sisimizi waliokufa, yakawa uji mweusi uliojaa kila kona. Hapo nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Watu hawamimini mafuta kiasi hicho kwa mzaha. Waliomimina yale walikuwa wanaogopa kama mimi.

Nilisafisha kwa petroli na mswaki, siku baada ya siku. Vifundo vya sauti vilikuwa vimekufa, nikatoa vingine kwenye redio mbovu, nikavichomea kwa risasi ya kuungia nyaya. Shingo ilikuwa imepinda mbele kwa miaka mingi ya kuvutwa na nyuzi. Ndani ya shingo ya gitaa kuna fimbo ya chuma inayokazwa kwa spana, na ukiikaza kwa pupa mti unapasuka. Nikawa naikaza kidogo, nalala, kesho naikaza kidogo tena, na kila ilipotoa sauti ya "kri" nilitoka nje kupumua. Nyuzi nilizichemsha ili zitoe kutu na uchafu. Kosa langu ni kwamba nilichukua sufuria ya ugali. Siwezi kuandika hapa maneno niliyoambiwa. Rangi iliyobabuka niliikwangua yote, na chini yake ukatokea mti mwekundu uliotulia, nikausugua kwa nta ya nyuki mpaka ukang'aa.

Ungedhani nilikuwa na raha. Raha ilikuwepo, lakini juu juu. Wakati wote huo nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: mahali ambapo ubaya ulikuwa umeingia. Lazima kuna waya uliochubuka, nilijiambia, lazima kuna kitu kimegusana na kingine humu ndani. Nilifuata kila waya kwa kidole na kwa kipimo, kuanzia kwenye nyuzi mpaka kwenye tundu la kuchomekea. Sikuona kitu. Nikarudia. Nilitaka nikute kosa, kwa sababu kosa unaloliona unalirekebisha na kulala. Hili halikuwa na kosa lolote, na nikawa naamka usiku nikitazama upande wa ghala.

Siku ya kulijaribu niliazima amplifaya kwa rafiki yangu mmoja wa mjini. Nilichagua saa sita mchana, jua kali, ardhi kavu. Mke wangu nilimweka kwenye swichi kubwa ya nyumba, ukutani mkabala na mlango wa ghala, mkono juu yake.

"Nikiganda, zima," nikamwambia. "Usije ukanishika. Zima tu."

"Na ukifa, vitunguu atavuna nani?"

"Wewe mwanamke, huu si wakati wa utani!"

Nilimwona midomo inamtetemeka, nikajua kwamba utani wenyewe ni wa hofu. Nikachomeka. Nikavua glavu moja, nikachukua testa, ile bisibisi yenye kitaa ndani kinachowaka ikigusa umeme, nikagusa uzi wa kwanza. Giza. Wa pili, giza. Zote nne, giza. Nikagusa kwa mgongo wa mkono, mimi mwenyewe, jasho linanitoka kwapani. Hakuna kitu. Nikavua na glavu ya pili, nikavuta uzi mnene kuliko zote, na ghala zima likanguruma, vumbi likashuka kutoka kwenye dari juu ya kichwa changu. Mama yangu! Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nilipiga, nikapiga, mke wangu akaacha swichi akaja mlangoni, akaanza kutikisa bega bila kujijua.

Nilipomaliza aliliangalia gitaa kwa muda, akaniuliza, wala hakuwa na maana mbaya, "Sasa kama hili halina kitu, yule kijana aliangushwa na nani?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Halafu nikaliweka gitaa chini.

Kwa sababu jibu lilikuwepo pale mbele yangu. Gitaa halina umeme wake. Linaletewa na amplifaya kwa waya. Kama gitaa ni zima, basi ubaya ulikuwa kwenye amplifaya ya kule kanisani, au kwenye ukuta wenyewe. Amplifaya ikiwa mbovu, umeme unavuja kwenye chuma chake, na kutoka pale unatembea mpaka kwenye nyuzi. Ndiyo maana kila jengo linafukiwa waya mnene wa shaba ardhini, mafundi wanauita ethi, ili umeme uliopotea uende chini na swichi ikate. Kama waya ule haupo, umeme unakaa kwenye nyuzi unamsubiri mtu. Kiangazi, mtu mwenye viatu kwenye udongo mkavu anaweza asisikie kitu, au atekenywe kidogo. Mvua ikinyesha, ni habari nyingine.

Wale watu walikuwa wameuza gitaa na kubaki na muuaji. Na walikuwa wamenunua gitaa jipya, wakalichomeka pale pale. Na mpigaji wa zamani aliposema hashiki tena besi maisha yake, kwaya ilimchagua mtu pekee aliyejua kuipiga, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe akiwa hajafika hata kiunoni kwangu. Binti yangu. Nilikuwa nimejisifu sana juu ya hilo pale Endagikot, nikamtangazia kila mtu.

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya Hanang tangu wiki iliyopita.

Nilimpigia binti yangu simu. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Nikapiga tena, hapatikani. Nikamtafuta mwalimu wa kwaya yao, ambaye namba yake nilikuwa nayo tangu tulipouziana gitaa. Huyo alipatikana, alikuwa Katesh ananunua soda za mgeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, sikiliza. Msipige vyombo kwanza. Lile gitaa mlilonipa ni zima. Shida iko huko kwenu."

"Mzee usiwe na hofu. Hili jipya tuliliombea kabla halijaguswa na mkono wa mtu."

"Siongelei gitaa, naongelea amplifaya!"

"Amplifaya nayo tuliiombea."

"Huko kumenyesha?"

"Imeanza wiki iliyopita, mzee, Mungu ni mwema. Na Jumapili tuna askofu. Binti yako ataanza na besi peke yake kabla waimbaji hawajaingia. Utajivunia."

"Asilishike! Unanisikia? Mwambie baba yake amesema asilishike."

"Nitamwambia, mzee."

Kila mtu aliyekulia nchi hii anaijua hiyo "nitamwambia." Inasemwa kwa heshima zote, halafu mtu anaendelea na soda zake.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, nilitia testa mfukoni nikaondoka. Nikapita Dongobesh, nikashuka Dareda, nikapata basi la Katesh, na njia nzima mvua ilikuwa inatufuata. Katesh nililala kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, jamaa yetu wa zamani wa kuuziana vitunguu. Aliponiona nasukuma sahani pembeni aliuliza kuna msiba gani. Nikamweleza. Hakucheka. Alisema tu, "Kesho nenda mapema, ndugu yangu," akanitafutia kijana wa bodaboda anayemwamini. Simu ya binti yangu ilikuwa bado haipatikani.

Jumapili nilitaka kutoka alfajiri, lakini mvua ilipiga kiasi kwamba yule kijana alikataa katakata kuwasha pikipiki. Nilimtukana. Nilimwomba radhi. Nikamtukana tena. Tulipoondoka jua lilikuwa limepanda nyuma ya mawingu, na barabara ilikuwa tope tupu. Tulianguka. Tukainuka. Kila tulipopita kwenye nguzo za umeme nilitazama juu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaomba umeme ukatike. Ewe Mungu, nilisema, unaukata kila siku mtu akiwa ananyoa ndevu, leo unashindwa nini? Tulipokaribia Balangdalalu nikasikia spika kutoka mbali, sauti ya mtu anaomba, safi kabisa, haina hata mkwaruzo. Umeme ulikuwepo.

Nilishuka kabla pikipiki haijasimama. Kanisa lilijaa mpaka watu wamesimama madirishani na miavuli. Nikachungulia mlango wa pembeni. Sakafu yao ni ya udongo, akina mama walikuwa wameinyunyizia maji vumbi lisimchafue mgeni, na upande wa kwaya bati lilikuwa linavuja juu ya hayo maji. Waimbaji walikuwa wamejipanga kwa sare. Wote walikuwa wamevua viatu, kwa sababu kwao mbele ya madhabahu pale hapakanyagwi kwa kiatu. Na mbele ya wote alisimama binti yangu, miguu mitupu kwenye tope lile, gitaa jipya begani, mkono umeshuka pembeni, anamsubiri mchungaji aseme amina.

Nilitaka kupiga kelele. Sauti haikutoka. Jamani, mtu akikwambia hofu inampa mtu nguvu, mwambie aje kwangu. Mimi ilininyang'anya hata ile kidogo niliyokuwa nayo.

Waya wa amplifaya ulitoka kwenye soketi karibu na ule mlango, hatua chache kutoka niliposimama. Na mimi nilikuwa nimelowa kutoka kofia mpaka soksi. Niliiangalia ile plagi. Nilijua kabisa mkono uliolowa unafanya nini kwenye plagi. Mchungaji akasema, "...katika jina la Yesu," na nikaona mkono wa binti yangu unapanda kuelekea kwenye nyuzi. Nikavua koti, nikalikunja bitana likiwa nje, kwani bitana ilibaki kavu kidogo, nikamkanyaga mama mmoja, nikashika waya kwa lile koti, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Plagi ikatoka na kipande cha ukuta.

"Ami—" akasema mchungaji, na spika zikafa.

Kanisa zima liligeuka. Mzee wa mlangoni alinikamata mkono, akidhani nimelewa, na kwa tope lile lililonijaa mwilini simlaumu. Nikasikia sauti ninayoijua.

"Baba?"

Hakusema kwa furaha. Alisema kwa aibu, kama mtu aliyemwona baba yake ametoka uchi. Mwalimu wa kwaya alifumba macho. Askofu, mtu mzima mwenye mvi, aliinuka kwenye kiti chake akauliza taratibu, "Baba, una shida gani?"

Nilitoa testa mfukoni. Nikasema, maneno yakigongana, kwamba naomba gitaa liwekwe juu ya benchi la mbao, mtu yeyote asiliguse, plagi irudishwe na mtu mwenye mikono mikavu, na baba askofu aje aone kwa macho yake. Wazee wakanung'unika. Askofu akasema, "Fanyeni anavyosema." Wakafanya. Nikaomba viatu vya mtu vyenye soli ya mpira, nikavivaa, nikagusa uzi wa kwanza wa gitaa kwa ncha ya testa.

Kikawaka. Chekundu, kinang'aa, kila mtu wa viti vya mbele alikiona. Nikagusa uzi wa pili, kikawaka. Nikagusa maikrofoni ya mwimbaji kiongozi, kikawaka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Weee!" na waimbaji wa safu ya mbele wakarudi nyuma wote kwa pamoja.

"Zimeni," akasema askofu. Kwaya iliimba siku hiyo kwa midomo na makofi tu, na mimi nikamrudishia mwenyewe viatu vyake, nikatoka nje.

Ibada ilipoisha mwalimu wa kwaya na mzee mmoja wa kanisa walinifuata nyuma ya jengo. Nilikuwa nazunguka ukuta natafuta ethi. Nilikuta tundu tu kwenye ukuta, na kipande kifupi cha shaba kilichokatwa kwa panga.

"Hapa palikuwa na waya mnene umeingia ardhini," nikasema. "Uko wapi?"

Uso wa yule mzee ukachangamka. "Ule waya? Tuliunadi!"

Nikadhani sikusikia vizuri. Akanieleza, tena kwa fahari. Vijana walikuwa wanachimba msingi wa ofisi ya mchungaji, jembe likagonga waya. Wakauvuta, ukaja na fimbo yake ya shaba, haujulikani ni wa nani. Na kilichotoka kwenye ardhi ya kanisa ni cha Bwana. Kwa hiyo Jumapili ukaletwa mbele kama sadaka, na baada ya ibada ukanadiwa pamoja na kuku na maboga. Mfua bangili mmoja wa kule mbugani aliwashinda wote. "Watu walipiga vigelegele," akasema yule mzee. "Haijawahi kutokea sadaka kama ile." Akapandisha mkono wa koti anionyeshe. Alikuwa amevaa bangili nzuri ya shaba, imesokotwa kwa ufundi, iliyotokana na waya ule ule, aliyoinunua kwa mfua bangili mwenyewe.

"Na yule kijana," nikauliza, "aliangushwa lini? Kabla ya mnada au baada?"

Mwalimu wa kwaya alitazama chini. Mzee alihesabu kichwani, halafu nikamwona anashusha mkono wa koti, polepole, mpaka bangili ikafunikwa. Nilikuwa nimejiandaa kugomba njia nzima kutoka Katesh, na sasa hasira yote ilikuwa imekwisha, imebaki baridi tu. Wakaenda kumtafuta fundi wa umeme.

Binti yangu alikuwa amesimama chini ya ukingo wa bati, bado hajavaa viatu. Nilidhani atanigombeza kwa aibu niliyomtia. Nikatangulia kujitetea, nikasema simu yako haipatikani, ningefanyaje, mwalimu wako hasikii.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe nini?"

"Lilikuwa linaniuma, baba. Tangu mvua ianze. Ijumaa mazoezini, na Jumapili iliyopita."

Nilimtazama. "Na hukusema?"

"Ningesema nini? La kwanza walisema lina pepo, likaondolewa. Hili liliombewa kabla mtu hajaligusa. Sasa likiniuma mimi, si maana yake shida iko kwangu?" Alikuwa anaongea taratibu sana, akiangalia vidole vyake. "Nimefunga wiki nzima. Simu niliizima ili nisisumbuliwe kwenye maombi. Nimetubu mpaka vitu ambavyo sijavifanya."

"Mwanangu."

"Na wenzangu wananisifu, baba. Wanasema siku hizi napiga kwa upako. Wanaona ninavyotetemeka." Akaificha mikono nyuma. "Leo niliapa mbele za Mungu kwamba likiniuma sitaachia. Hata lifanyeje, nilishike mpaka mwisho wa wimbo, ili kama ni pepo, linitoke."

Niliusikia mwili wangu unakaa chini bila kuniuliza, kwenye tope, chini ya lile tundu la ukutani. Safari yote niliogopa umeme. Sikuwa nimejua kwamba kulikuwa na kitu kingine cha kuogopa, na kwamba kilikuwa kimemshika mtoto wangu kwa nguvu kuliko ule umeme. Nikamshika mguu wake mtupu kwa mikono yangu yote miwili.

"Baba, inuka," akasema. "Watu wanakuona. Unachafua suruali."

Sikuinuka.